Nikufutie?

Mzee Bonifasi tulimzika Jumatano, Katindiuka, katika udongo mkavu uliokuwa ukivunjika mabonge kila jembe liliposhuka. Nilikuwa jikoni kwa wafiwa nikikata vitunguu, maana mimi kwenye msiba siwezi kukaa mkekani nikakunja mikono, lazima niipe kazi. Ndipo nikasikia sauti ya mwanamume barazani akiwapa watu pole mmoja mmoja, akiamkia wakubwa, akiitikia wadogo, taratibu, bila haraka. Kisu kikasimama. Sikuwa nimeisikia sauti ile kwa zaidi ya miaka thelathini na mitano, na mwili wangu uliijua kabla ya akili. Baada ya muda akachungulia mlangoni mzee mwenye kipara, sweta la baridi ya Njombe begani katika joto letu hili, akaniambia, "Leokadia, bado unakata vitunguu kama mmegombana." Wanawake wote mle jikoni wakacheka. Mimi nikafuta macho kwa kiganja na kusingizia vitunguu, na kusema kweli sehemu ilikuwa vitunguu.

Watu wa rika langu hapa Ifakara wakitaka kukusimulia mwaka wao mkubwa, watakutajia mwaka wa mafuriko au mwaka waliooa. Mwaka wangu mimi ni ule niliocheza gofu. Wajukuu wangu wakisikia hivyo hutazamana, kisha mmoja huniuliza kama nimekunywa dawa zangu. Lakini ni kweli. Pale ukingoni mwa mbuga, mahali ambapo sasa pana majaruba ya mpunga na ng'ombe wa watu wanaopita, palikuwa na kiwanja cha gofu cha mashimo tisa. Wageni waliokuja na mradi wa mpunga walikichonga ili wasichanganyikiwe na upweke, kisha mradi ukapungukiwa fedha na wageni wakaondoka, wakaacha kabati zima la fimbo za kupigia na ndoo mbili za mipira. Mzee Bonifasi, fundi wa matrekta, alikuwa amewatazama wakicheza kwa miaka kumi kutoka chini ya trekta, na walipoondoka alijipangusa grisi mikononi akaenda kulifungua lile kabati. Alikuwa na nadharia yake kwamba gofu na injini ni kitu kimoja, ukilazimisha utaharibu.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtunza ghala la mbegu. Chumba changu cha kazi kilikuwa na dirisha moja na harufu ya magunia mapya, na nilikipenda kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa akinipangia namna ya kukitunza. Siku moja mwezi wa saba mpira ulivunja kioo cha lile dirisha, ukagonga mizani, ukazama kwenye rundo la mbegu. Nilitoka nje nimeushika mpira na maneno yangu tayari mdomoni. Nikamkuta Mzee Bonifasi amesimama na kijana mrefu wa kitengo cha mifereji aitwaye Severini, wote wawili wamenywea kwa aibu. Kabla sijafungua mdomo, Mzee Bonifasi alininyooshea fimbo akasema, "Mwanangu, hasira hizo usizimwage bure. Zipigie mpira." Nilipiga. Mpira ulikwenda chini chini, umbali mrefu kuliko wote wawili walivyotarajia, ukapotea kwenye matete. Severini alinitazama, akaangalia yale matete, akanitazama tena. Kesho yake saa kumi jioni nilifunga ghala dakika tano kabla ya wakati, kosa ambalo sikuwahi kulifanya, nikaenda.

Lazima nieleze jinsi kiwanja chetu kilivyokuwa, vinginevyo mengine hayataeleweka. Kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa sita kilikuwa chini ya maji na kambale walipita juu ya mashimo. Maji yalipoondoka, ardhi nyeusi ilikauka ikawa ngumu kama sakafu na kupasuka, na upepo wa mbugani ulivuma bila kizuizi tangu milima ya Udzungwa mpaka kwetu. Ndiyo maana tulijifunza kupiga mpira chini ya upepo, ukiambaa ardhi. Nyasi laini za kuzungushia shimo, zile ambazo wenzetu wa mijini wanazo, hazikuweza kuota. Badala yake kila shimo lilizungushiwa duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya matrekta, ukashindiliwa ukawa mweusi na tambarare. Sisi tuliliita jamvi. Watu wakikanyaga jamvi huacha nyayo, na mpira hauwezi kupita kwenye nyayo ukafika unakotaka. Kwa hiyo kila jamvi lilikuwa na kipande cha gunia kilichopigiliwa kwenye mti mfupi, na kabla mtu hajapiga mkwaju wa mwisho, gunia huburuzwa mara moja tu kutoka kwenye mpira mpaka shimoni, njia ikawa safi.

Sasa hapa ndipo palipokuwa na utamaduni wa Mzee Bonifasi, sijui aliutoa kwa wale wageni au kichwani mwake. Mtu hajifutii njia mwenyewe. Anayefuta ni mwenzake. Na mwenzake hagusi gunia kabla hajauliza, "Nikufutie?" Hapo mwenye mpira anajibu, "Nifutie." Ilikuwa lazima, hata kama mmekasirikiana, hata kama mvua inaanza. Mzee Bonifasi alisema asiyeuliza anaweza akakuharibia makusudi kisha akasingizia wema. Basi jioni zote za mwezi wa saba, wa nane na wa tisa, mara tisa kila mzunguko, Severini aliniuliza nikufutie nami nikamjibu nifutie, kisha nikamuuliza mimi. Tulikuwa vijana wawili wa Kikatoliki, waoga, tuliolelewa vizuri kupita kiasi. Hatukuwahi kuambiana neno jingine lolote la karibu kuliko hilo. Usiku nikilala nilikuwa nikilisikia.

Severini alikuwa na ugonjwa mmoja, nyasi. Alifanya kazi ya mifereji lakini moyo wake wote ulikuwa kwenye kitu ambacho hakuwahi kukiona, nyasi fupi, laini, zinazomwagiliwa na kukatwa kila asubuhi. Katika lile kabati la wageni alikuta jarida lenye picha zake, akalisoma mpaka likatoka nyuzi. Tukila chakula cha mchana nyuma ya karakana, wali na perege wa kuchoma tulioletewa na mke wa Mzee Bonifasi, yeye alikuwa akichora kwenye vumbi namna maji yanavyopaswa kupita chini ya nyasi. Mzee Bonifasi alimtania kwamba hata ng'ombe hawazipendi kiasi hicho. Severini hakukasirika. Alisema tu kwamba siku moja atazishika kwa mkono.

Mwezi wa tisa alipita mgeni. Alikuwa katibu wa klabu moja ya gofu huko pwani, mtu mwembamba mwenye kofia, aliyekuja Mang'ula kupanda milima. Alipoambiwa kwamba Ifakara kuna wakulima wanaocheza gofu kwenye oili chafu alidhani anataniwa. Alikuja, akacheza nasi, akapoteza mipira sita kwenye matete na akafungwa na Mzee Bonifasi aliyekuwa amevaa ndala. Alicheka sana, lakini mtu anayecheka vile huwa ameumia. Wiki tatu baadaye ikaja barua kutualika tukacheze kwao, wawili wawili, kila upande mpira mmoja wa kupokezana na anayeshinda mashimo mengi ndiye mshindi, Severini na mimi dhidi ya daktari mmoja na mkewe, kwenye kiwanja kilicholala kandokando ya bahari.

Tulipanda treni tukiwa watatu na mfuko wa fimbo, debe la mchele wa zawadi na pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, kwenye kikapu. Mzee Bonifasi alichomoa gunia la jamvi la tisa kwenye mti wake, akalikunja, akalitia kwenye mfuko. Nilipomuuliza la nini alisema hajawahi kwenda kazini bila vifaa. Severini alikaa dirishani njia nzima. Wakati tunapita msituni aliniambia, bila kunitazama, kwamba amesikia kule pwani nyasi zinakatwa kwa mashine inayosukumwa na watu wawili. Nilimwambia hongera.

Klabu ilitupangia vyumba nyuma ya jengo, vyumba vyeupe vilivyoliwa rangi na chumvi, mashuka yenye unyevu ambao haukauki, na dirisha lililogongagonga kwa upepo. Jioni ile walitulisha pweza wa nazi. Mzee Bonifasi alimzungusha kwenye sahani kwa uma mara kadhaa, akaomba samaki mwenye mifupa. Kabla ya chakula Severini alikuwa ametoweka, na nilipokwenda kumtafuta nilimkuta amepiga magoti kando ya shimo la kumi na nane, viatu amevivua ameviweka mbali, kiganja chake kimelala juu ya zile nyasi kama mtu anayepima homa ya mtoto. Aliinua macho. "Ziko baridi, Leokadia," alisema. Nilirudi ndani, kwa sababu niliona kwa macho yangu kwamba nimeshindwa, na mshindani wangu si mwanamke hata nimchambue.

Baada ya chakula niliomba pasi ninyooshe sketi yangu ya kesho. Chumba cha pasi kilipakana na chumba cha kulia, ukuta wa mbao, na katibu hakuwa mtu wa kunong'ona. Nilimsikia akimwambia Severini kwamba msaidizi wa kutunza kiwanja ameacha kazi, na kwamba yeye angempa Severini nafasi hiyo hata kesho, na nyumba ndogo juu yake, lakini wazee wa kamati wanasema mtu wa kutoka bondeni Kilombero atajua nini kuhusu kiwanja cha bahari. "Nipatie ushindi kesho," alisema, "niwafunge midomo. Mkishinda, kazi ni yako. Mkishindwa, sina la kuwaambia." Kisha nikasikia sauti ya Severini, ile ile taratibu, ikisema, "Nikiipata, mzee, mimi sirudi tena bondeni." Sketi ile ilikuwa na alama ya pasi pembeni hadi ilipochakaa.

Asubuhi katibu alitutembeza na kutupa masharti ya kwao. Alieleza kwamba hapa hakuna kufuta. Ukigusa njia ya mpira kwenye nyasi za shimoni kwa gunia, kwa mkono au kwa kitu chochote, mmepoteza shimo hilo, na hakuna mjadala. Mzee Bonifasi, aliyepewa kazi ya kutubebea mfuko, aliturudia mara tatu kama watoto wa katekisimu: gunia libaki mfukoni. Tuliitikia mara tatu.

Nimesikia watu wakisifu viwanja vya bahari kwa uzuri. Mimi nilikiona kile kikiwa kigomvi. Hakuna mti. Ardhi inapanda na kushuka katika vichuguu vya mchanga vilivyoota majani makali, na kila ukidhani umefika mahali tambarare, mpira unateleza kando na kuzama kwenye shimo la mchanga lenye kina cha kumficha mtu. Bahari iko upande wa kulia wakati wote, inang'aa, na upepo unatoka kwake ukiwa umebeba chumvi mpaka midomo inawasha. Wageni wengi, tuliambiwa, hurudi kwenye mabasi yao wamenuna. Mke wa daktari alinihurumia mapema. Lakini mpira wao wa juu ulichukuliwa na upepo ukapelekwa kunakotakiwa na upepo, na wetu, ule wa chini chini wa kukwepa matete ya Kilombero, ulipita chini yake, ukadunda kwenye ardhi ngumu kama ya kwetu na kuendelea kukimbia. Kufika shimo la tano tulikuwa tumewatangulia mashimo mawili. Daktari akaacha kunihurumia, akaanza kunipigia makofi, na hilo lilinipendeza zaidi.

Zile nyasi za shimoni ndizo zilizotusumbua. Mpira haukusimama. Na mazoea ni kitu kibaya, kwa sababu shimo la tatu, nilipokuwa najiandaa kupiga, Severini alinisogelea akainama kidogo na kuniuliza, "Nikufutie?" Kisha akajishika mdomo. Tulicheka sote, hata wenyeji, na ikabidi katibu aelezwe. Shimo la nane nami nilimuuliza hivyo hivyo, nikajikumbusha mwenyewe kabla hajajibu. Baada ya hapo hatukukosea tena. Nilijua kabisa niko wapi. Nilijua kila hatua inayotupeleka kwenye ushindi inampeleka wapi, na bado nilipiga vizuri, kwa sababu fimbo ikiwa mkononi mwangu sijui kupiga vibaya. Hiyo ni sehemu ya tabia yangu ambayo mume wangu, Mungu amrehemu, aliiita kiburi.

Shimo la kumi na nane tulifika tukiwa sare. Watu walikuwa wametoka klabuni kuja kutazama, na wale wazee wa kamati walisimama pamoja chini ya mwavuli. Daktari na mkewe walizama mchangani wakatoka kwa shida. Mkwaju wangu mimi ulikuwa wa kukaribia, kutoka nyuma ya kichuguu, na ulikwenda ukasimama hatua moja na nusu kutoka shimoni. Watu wakapiga makofi. Kilichobaki ni Severini kuugusa mpira uingie. Umbali ule kwetu, kwenye jamvi, alikuwa akipiga huku akizungumza. Nilimwona amevaa uso ambao sikuwahi kuuona kwake, uso wa mtu ambaye tayari ameshafika nyumbani.

Nilikuwa nimesimama kando ya mfuko. Niliingiza mkono, nikatoa gunia, nikatembea hatua nne na kuliburuza kutoka kwenye mpira mpaka shimoni, mara moja, vizuri, kama nilivyofundishwa.

Nakumbuka kwamba upepo uliendelea. Mke wa daktari alisema pole kwa sauti ndogo. Chini ya mwavuli mtu mmoja alicheka, kisha na wengine, bila ubaya, jinsi mtu anavyomcheka mgeni aliyejipangusa kwa kitambaa cha meza, na mmoja akasema hao ndio watu wa oili chafu. Katibu alivua kofia yake akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi. Mzee Bonifasi alizunguka akimweleza kila mtu, "Ni mazoea, jamani. Binti amesahau, ni mazoea." Nami nikashika mdomo kwa mikono yote miwili na kusema nimesahau. Severini alinitazama, na alichukua muda, kisha akauokota mpira wake, akalichukua lile gunia mikononi mwangu, akalikunja mara nne na kulirudisha mfukoni.

Sikuwa nimesahau. Nimeliandika hilo sasa kwa mara ya kwanza na naliacha hapo lilivyo. Padri niliyemwungamia enzi zile aliniuliza kama kuna mtu aliumia, nikamjibu ni mchezo tu baba, akanipa sala tatu. Nimezisali mara nyingi zaidi ya tatu. Mpaka leo nikipita kwenye jumba lolote lenye bustani ya nyasi iliyokatwa vizuri mbele yake, naangalia upande wa pili wa barabara.

Tulirudi. Severini alikuwa ameomba kipande cha nyasi zile, chenye mizizi, akakifunga kwenye kitambaa kibichi, na njia nzima alikuwa akikinyunyizia maji kutoka kwenye chupa. Alikipanda kando ya jamvi la tisa. Mwezi wa kumi na moja kilikuwa kimetambaa kikafikia ukubwa wa kanga, na kila nilipokwenda kisimani nilimwona amekichutamia. Alikuja ghalani mara mbili. Mara ya kwanza alisimama mlangoni akauliza kama nina nafasi, nikamjibu nasubiri mbegu kutoka Chita. Mara ya pili alikaa kwenye gunia, akageuza kofia yake mikononi, akaniuliza kama kuna kitu nataka kumwambia. Nilimwambia hapana. Nilisema huku nikihesabu mifuko kwa sauti ili asione uso wangu. Jioni sikwenda tena kiwanjani. Nilijua ataniuliza nikufutie, na nilijua nitalia. Niliona ni heri anidhanie mjinga kuliko anijue mwovu.

Mwezi wa tatu maji yalikuja kama kawaida yake na kuchukua majamvi yote pamoja na nyasi za Severini. Alisimama kwenye tuta siku nzima akiyatazama, mimi nikimtazama yeye kupitia lile dirisha la ghala lililokuwa bado halina kioo. Baada ya Pasaka alipata kazi kwenye mashamba ya chai ya huko Njombe, akaondoka. Aliacha salamu kwa Mzee Bonifasi. Nami niliolewa mwaka uliofuata na mtu mwema, nikamlilia kwa haki alipokufa, na sina malalamiko juu ya maisha yangu. Lakini kutamani hakuombi ruhusa kwa maisha uliyonayo.

Ijumaa baada ya maziko nilimsindikiza Severini stesheni. Hakuna aliyenituma. Nilibeba kikapu cha mchele na pepeta, nikajiambia ni desturi. Tulikaa kwenye benchi kivulini, akanionyesha kwenye simu picha za mkewe na wajukuu, na mwisho picha ya uwanja wa mpira wa shule ya kijijini kwao, wa kijani mpaka unashangaza. Alisema ameuotesha mwenyewe, imemchukua miaka sita. Aliikuza picha kwa vidole ili nizione nyasi. Hapo ndipo niliposhindwa. Nikamwambia, nikitazama reli, kwamba kuna jambo la pwani nimelibeba muda wote, kwamba siku ile sikusahau.

"Najua," alisema.

Aliiweka simu mfukoni. "Mtu aliyesahau angeniuliza kwanza. Mimi niliposahau nilikuuliza. Wewe uliposahau, shimo la nane, uliniuliza. Pale mwisho hukuuliza, Leokadia. Ulichukua tu gunia."

Nilimuuliza kwa nini basi hakunichukia. Akasema alinichukia, tena sana, kwenye treni, mpaka kama Mang'ula hivi. "Tulipopita Mang'ula nikaanza kufikiri ni kwa nini ulifanya. Tulipofika hapa stesheni nilikuwa nafurahi." Akalivuta sweta begani. "Nikasubiri uniambie. Nilikuja ghalani mara mbili. Ungesema neno moja, nisingeuona Njombe."

Mbele yetu mama mmoja alikuwa akipanga maembe kwenye sinia, akayapangua, akayapanga upya. Nilikuwa nikimtazama nisije nikamtazama yeye. Nilipogeuka nilikuta ananitazama kwa ule uso wa jioni za mwezi wa nane, kipara na yote, akainama kidogo kama mtu aliyeshika mti wa gunia.

"Nikufutie?" aliuliza.

Jibu nililijua. Lilikuwa limekaa mdomoni tangu nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na mtu mwenye busara angelitoa, akasamehewa, akaenda nyumbani kupika.

"Usinifutie," nilimwambia. "Lile gunia ndilo jambo pekee nililowahi kukuambia."